Pango Lisilo na Shaba

Mtoto wa Tanga hukua akiambiwa kwamba ukipotea ndani ya Mapango ya Amboni utatokea Mombasa. Wengine husema Kilimanjaro. Ipo hadithi ya Wazungu waliopotelea humo, mbwa wao akaja kuonekana miezi baadaye mbali huko, amekonda, na kila mtembeza wageni ana namna yake ya kuisimulia. Halafu mwaka 1994 wakaja watafiti wa Kijerumani na Kituruki, wakapima, wakakuta mapango kumi, na refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Mombasa ikabaki ilipo. Baadhi ya wazee hawakupendezwa na habari hizo. Mimi zilinifurahisha, kwa sababu pango lililopimwa lina mwanzo na mwisho, na mtu akilimega utajua kalimega wapi.

Tangu hapo nimekuwa miongoni mwa watu wachache wanaojitolea mapangoni siku za mapumziko. Si kazi ya kujivunia mbele za watu. Tunaokota betri kuukuu na chupa za maji, tunasugua kwa brashi laini majina ambayo wanafunzi wameyaandika ukutani kwa mkaa, tunachora ramani za vipango vidogo ambavyo watalii hawapelekwi. Amboni yenyewe ina mwenyewe. Waingereza waliitangaza kuwa eneo linalolindwa mwaka 1922, Idara ya Mambo ya Kale ikaitunza baada ya Uhuru, na miaka ya karibuni imekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Sisi ni watu wa kushika ufagio tu.

Rafiki yangu wa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, mwalimu wa jiolojia, alipita Tanga kutazama chokaa ya Kiomoni, akatukuta tumetapakaa tope tukivuta utepe wa kupimia. Alitazama kwa muda, akaomba aushike upande mmoja. Aliporudi kwao akaniandikia: huku kwetu watu wanayajua mashimo kuliko ninyi, ila mapango hawayajui, njoo utuonyeshe namna ya kupima. Sikuwa nimewahi kufika Kongo. Nilikubali kabla sijauliza nauli.

Kabla ya kufunga mzigo niliviosha viatu vyangu vya pangoni kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu, nikavianika juani. Mke wangu alidhani ni heshima ya ugenini. Ni zaidi ya hapo. Majira ya baridi ya mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, Marekani, walionekana popo wenye ukungu mweupe puani. Ukungu ule umeua mamilioni ya popo wa Amerika ya Kaskazini, na mojawapo ya njia zinazoweza kuuhamisha kutoka pango hadi pango ni matope ya viatu na kamba za wapenda mapango wenyewe. Watu walioyapenda mapango kuliko wote waligundua kwamba huenda wanayabebea maradhi. Kwa hiyo tope la Amboni halikuruhusiwa kuvuka mpaka kwenda Katanga.

Njia ni ndefu na imesimuliwa na madereva wa malori vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Ukivuka Nakonde unaiachia Zambia miguu na mgongo wako ifanye itakavyo. Nitaje mahali pamoja tu. Basi lilipofika Kapiri Mposhi, sisi tulipinda kaskazini kuelekea Ndola, lakini ukishika njia ya kusini unafika Kabwe, ambayo zamani iliitwa Broken Hill. Mwaka 1921 wachimbaji wa risasi na zinki walitoboa pango ndani ya kilima, wakakuta fuvu la binadamu wa kale sana, mwenye mfupa mnene juu ya macho. Fuvu liko London hadi leo, Zambia imelidai kwa miaka mingi. Mimi huwa najiuliza zaidi juu ya pango. Halipo. Kilima chote kiliondolewa na mgodi, kwa hiyo hata fuvu likirudi, hakuna tena mahali pa kulionyesha mlango wake.

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, nilifika asubuhi, vumbi jekundu limekwishaamka. Malori yalipanga foleni ambayo sikuuona mwisho wake, yanayotoka yamebeba shaba na kobalti, yanayoingia yamebeba kila kitu kingine. Afisa alikagua kadi yangu ya homa ya manjano, kisha akafungua begi. Akatoa kofia ngumu. Akatoa taa ya kichwani. Akatoa kamba. Akaniangalia.

“Papa, weye ni creuseur?”

Ndivyo wanavyomwita mchimbaji mdogo anayetafuta kobalti au shaba kwa mikono. Nikamwambia hapana, ninakwenda kutazama mapango. Akauliza mapangoni kuna nini. Nikasema kuna popo. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie, wakanigongea muhuri. Swali lile lile nililiulizwa na kila mtu niliyekutana naye baada yake, na ni swali la haki. Katanga ni nchi ambayo ukiingiza mkono ardhini unatarajiwa kuutoa na kitu.

Lubumbashi iko nyuma ya Tanga kwa saa moja, na juu yake kwa zaidi ya mita 1,200. Mwezi wa Julai usiku wake una baridi ambayo mtu wa pwani hajajiandaa nayo. Mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa ajili ya shaba na hakuna siri juu ya hilo: bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia na kilima cheusi cha mabaki ya shaba vinaonekana kutoka pande nyingi, na watu hupiga picha mbele yake kama sisi tunavyopiga mbele ya bahari. Rafiki yangu alinilaza kwa shangazi yake, katika mtaa unaoitwa Kenya. Nilimwambia nimetoka Tanzania nikapitia Zambia ili nilale Kenya. Shangazi alinipakulia bukari, yaani ugali, na sombe iliyopikwa kwa mawese, akaniuliza kwa nini Kiswahili changu ni cha redioni.

Siku zilizofuata tulikuwa mjini, na nilikosa subira kidogo, kwa sababu nilidhani tungekwenda moja kwa moja vilimani. Rafiki yangu alikataa. Alitaka kwanza nijue mambo mawili.

La kwanza alinionyesha kwenye karatasi. Mwaka 1952 padre Mfaransa Henri Breuil, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza michoro ya mapangoni Ulaya na Afrika, alichapisha utafiti juu ya pango la Kiantapo hapa Katanga, ambalo kuta zake zina alama zilizochanjwa na kutobolewa kwenye mwamba. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, Mbelgiji Narcisse Leleup akachapisha kitabu juu ya wadudu na viumbe wengine wa mapango ya Kongo. Kongo hiyo hiyo ina samaki asiye na macho katika mapango ya Mbanza-Ngungu, huko magharibi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1921. Ina pango la Matupi katika Mlima Hoyo, Ituri, ambako mwanaakiolojia Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 akakuta zana ndogo ndogo za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. “Unaona,” aliniambia, “mapango yetu yameandikwa. Yameandikwa Brussels.” Mwanafunzi wake anayetaka kujua habari za pango lililo kilomita kadhaa kutoka kwao hulazimika kuomba nakala kutoka maktaba ya Ubelgiji.

La pili alinisimulia tukiwa tumekaa nje ya makumbusho ya taifa ya Lubumbashi, na alilisimulia polepole. Mwishoni mwa karne ya 19, nchi hii ikiwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kulikuwa na mtawala wa Wasanga aitwaye Mulume Niama. Alipigana na jeshi la dola lililokuwa na mizinga, akamuua ofisa mmoja na kujeruhi askari, kisha akakimbilia na watu wake ndani ya pango kubwa la chokaa liitwalo Tshamakele. Jeshi liliwasha moto kwenye milango yake yote mitatu ili moshi uwatoe. Baada ya wiki moja mjumbe akaenda kuwataka wasalimu amri, wakakataa. Moto ukawashwa tena na pango likazingirwa kwa miezi mitatu. Askari walipoingia walikuta maiti 178. Kisha, kwa kuogopa mahali pale pasije pakawa kaburi la mashujaa, waliporomosha mawe mpaka alama zote za pango zikafutika. Adam Hochschild amelitaja tukio hili katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya Leopold.

Nimeingia mapangoni miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba pango linaweza kuuawa kwa kusudi. Kulichafua, ndiyo. Kulivunja kwa tamaa ya mawe mazuri, ndiyo. Lakini wale walijua wanachokifanya: palipo na mlango, watu watakwenda, watasimama, watataja majina. Tangu siku ile sijaweza tena kuichukulia ramani ya pango kama mchezo wa watu wenye muda.

Tuliondoka kwenda Likasi alfajiri, kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Pembeni mwa barabara vichuguu vya mchwa vimeinuka juu kuliko nyumba, na watu huvikata kutengeneza matofali. Magunia ya makala, ndivyo wanavyoyaita makaa, yamepangwa kilomita hadi kilomita, na nyuma yake msitu wa miombo uliokatwa ili yapatikane. Moshi wa mioto ya kiangazi ulitanda. Kila mara lori lilitupita, na kila mara rafiki yangu alitaja alichokisia limebeba. Mojawapo ya mizigo hiyo ilikuwa chokaa.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, na naomba msomaji avumilie jiolojia kidogo. Likasi ina mwamba maarufu uitwao chokaa ya Kakontwe, umepewa jina la mahali hapo hapo, na wanajiolojia wanaufuata mpaka Zambia, ambako ndio unaochimbwa Ndola. Ni mwamba wa kale mno, wa zama ambazo duniani hakukuwa bado na mnyama mwenye mfupa. Maji ya mvua yakichanganyika na hewa ya udongo hupata ukali kidogo wa asidi, hupenya kwenye nyufa, huyeyusha chokaa punje kwa punje, na baada ya muda usiohesabika unapata pango. Katika machimbo ya Kakontwe ilikutwa mifupa ya wanyama wa zamani imegandamana ndani ya mwamba, ilikodondokea katika mashimo ya mapango ya wakati huo. Chokaa hiyo hiyo ndiyo inayohitajika viwandani. Shaba na kobalti siku hizi huyeyushwa kwa asidi, na chokaa hutumika kuipunguza asidi ile na kuondoa uchafu. Kadiri shaba inavyopanda bei, ndivyo kilima cha chokaa kinavyopungua. Kwa hiyo pango la Katanga lina bahati mbaya ya namna yake: ndani yake hamna madini, ila kuta zake zinatakiwa na wanaochimba madini.

Kilima tulichokwenda sitakitaja. Wenzetu wa Marekani, wa chama cha National Speleological Society kilichoanzishwa mwaka 1941, wana desturi ya kutotangaza mahali yalipo mapango wanayoyatunza, na zamani niliiona desturi hiyo kama choyo. Sasa naielewa. Nitasema tu kwamba kiko nje ya Likasi, kuna kijiji chini yake, na hatukukanyaga mteremko wake kabla ya kumwona chifu.

Tulimkuta ameketi kwenye kibaraza, tukampa sukari na sabuni, rafiki yangu akaeleza. Chifu alisikiliza.

“Munatafuta malakiti?” Yaani jiwe la kijani lenye shaba.

“Hapana, muzee. Tunatafuta pango yenyewe.”

“Pango yenyewe ya nini?”

“Ya kupima tu, muzee. Na kuandika jina yake.”

Aligeuka akamwambia kijana mmoja maneno kwa Kisanga, wote wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha wema. Alisema wazee wake walimwambia watu walijificha kule juu wakati wa vita. Vita ipi hakusema, nasi hatukumbana. Kisha akatoa masharti. Kijana wake aende nasi. Tusichukue jiwe hata moja. Tukimaliza, turudi tumwambie tulichokiona, yeye kabla ya mtu mwingine. Nimesoma miongozo ya vyama vya mapango vya Uingereza na Marekani juu ya namna ya kukubaliana na mwenye ardhi, kurasa kwa kurasa, na sidhani ina kitu ambacho masharti yale matatu hayakuwa nacho.

Mlango wa kwanza ulikuwa mpana, mizizi ya mtini imeushika juu. Tulikuwa wanafunzi wanne wa rafiki yangu, kijana wa chifu, rafiki yangu na mimi. Nilivaa barakoa na glavu nikawaomba nao wavae. Harufu ya kinyesi cha popo ilitufikia kabla ya giza. Nikazima taa yangu kubwa, nikawasha ndogo, nikasikiliza. Popo wengi wa mapangoni hutoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Hawa walikuwa wakibofya kwa ulimi, tik tik tik, na mwanga ulipogusa dari, macho yao makubwa yaling’aa.

Nikasema tunatoka.

Wanafunzi walishangaa. Tulikuwa tumesafiri, tumepanda, tumefika, na ndani ya pango lenyewe tumepiga hatua chache tu. Nje, kwenye jua, niliwaeleza. Popo wa matunda wa aina ile ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki alifariki baada ya kutembelea pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, Kenya, ambako tembo huingia kulamba chumvi. Miaka saba kabla yake mgonjwa mwingine alikuwa amefika pango hilo hilo. Uganda, wachimbaji waliambukizwa katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007. Na hapa hapa Kongo, huko Durba kaskazini-mashariki, kati ya mwaka 1998 na 2000 waliugua watu 154, wengi wao wachimbaji wa dhahabu na jamaa zao, wakafa 128. Si kila popo ana virusi, na pango lile huenda halina kabisa. Lakini sikuwa na namna ya kujua, na nyumbani kwa kila mmoja wetu kulikuwa na watu.

Kijana wa chifu ndiye aliyesema la maana. Aliuliza: basi tuwachome? Nadhani kila anayezungumzia hatari ya popo lazima ajiandae kwa swali hilo. Nikamjibu hapana, na rafiki yangu akalitafsiri jibu kwa lugha ya kilimo: ndio wanaochavusha miti na kusambaza mbegu msituni, na Uganda, baada ya popo wa Kitaka kuuawa kwa maelfu, popo wapya walihamia mgodini wakiwa na maambukizi zaidi, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena katika eneo lile. Waacheni wakae, ninyi kaeni nje. Kijana alitikisa kichwa kukubali, ingawa alibaki akikitazama kile kilima kwa jicho jipya.

Upande wa pili wa kilima kulikuwa na pango dogo, kavu, lisilo na popo. Hilo tulilipima. Kazi ya kupima inachosha kuieleza na inafurahisha kuifanya: mmoja anashika mwanzo wa utepe, mwingine anautembeza mpaka pale mstari unapopinda, wa tatu anasoma dira, wa nne anaandika urefu, mwelekeo, mwinamo, kisha umbali wa kuta kulia, kushoto, juu na chini. Unarudia. Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa na mwandiko safi na macho ya kuchora, na kufikia mchana yeye ndiye aliyekuwa akituamrisha sote. Ndani mlikuwa na stalaktiti chache, nyembamba, baadhi zimevunjwa zamani. Kwenye ukuta mmoja kulikuwa na herufi za mkaa na tarehe isiyosomeka. Wanafunzi walitaka kuzifuta, kama nilivyowaeleza tufanyavyo Amboni. Niliwazuia. Katika nchi ambayo watu wamekufa wamefungiwa mapangoni, maandishi yasipigwe brashi mpaka mtu wa historia ayatazame. Pango lote halikufika urefu wa uwanja wa mpira. Kwenye karatasi lilionekana kubwa.

Usiku ule Likasi tulibishana juu ya geti. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesoma kwamba Marekani na Ulaya vyama vya kujitolea huweka kwenye milango ya mapango geti la vyuma vilivyolazwa, popo wapite na watu wasipite, na ufunguo ukae kwa mtu wa chama. Alitaka tuchangishe fedha. Mimi nilipinga na bado napinga. Katanga, vyuma vya geti vitauzwa kama chuma chakavu kabla ya mwezi kwisha. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba shimo lenye kufuli hapa lina maana moja tu kwa mpita njia: ndani kuna mali. Ungeweka geti leo, kesho ungekuta handaki pembeni yake. Ninavyoona, ulinzi wa pango lile ni kijiji kizima kujua, kwa kuona wenyewe, kwamba humo hamna cha kuuza.

Kenya kuna mfano ulio karibu na hali yetu. Kikundi cha Cave Exploration Group of East Africa, watu wa Nairobi waliojitolea, kimepima kwa miongo kadhaa mapango ya lava ya Mlima Suswa na ya Milima ya Chyulu, ambako pango la Leviathan lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Wapimaji walipima na kuchora. Lakini Suswa leo anayekupeleka mpaka mahali nyani wanapolala ni kijana wa Kimasai wa hifadhi ya jamii, na ada unamlipa yeye. Shimoni, pwani ya kusini, pango la watumwa linaendeshwa na wanakijiji. Wapenda mapango wanaweza kuleta dira. Kulinda, kwa miaka mingi, kunafanywa na anayeamka kila asubuhi akaliona lile pango.

Tulirudi kwa chifu kama alivyotaka. Mwanafunzi mwenye mwandiko alimfungulia ramani juu ya magoti. Chifu aliizungusha mpaka mlango ukaelekea upande ambao mlango upo kweli, akafuata ukuta kwa kidole, akauliza kwa nini pango la popo halijachorwa. Tukamwambia. Akasema vema, yeye mwenyewe hajawahi kulipenda. Akauliza tena kama tuna hakika hatukuona malakiti. Kisha akaiomba ile karatasi, nasi tulikuwa na nakala.

Rafiki yangu alipenda kunikumbusha kwamba kisheria pango si la chifu. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudishia Dola ardhi na vilivyo chini yake, na Katiba ya mwaka 2006 inashikilia hivyo hivyo. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za kitamaduni, na vitu vya kale vikigunduliwa serikali inapaswa kuarifiwa. Kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Anayetaka kuzuia kilima kisisagwe anahitaji kuonyesha kwamba ndani yake kuna kitu ambacho sheria ile inakijua: maandishi, mifupa, kaburi, zana za mawe. Bila ramani na bila maelezo, ofisa wa mjini hana cha kuweka kwenye faili, hata akiwa na nia njema. Anayeomba kibali cha machimbo huja na ramani yake, ya rangi, iliyochapwa vizuri.

Nimerudi Tanga na viatu vilivyooshwa upya. Wale wanafunzi wanaendelea; wamenunua utepe wao, dira wameazima. Hawana jina, hawana muhuri, na sidhani wauharakie. Wewe unayesoma haya ukiwa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi au Lubudi, na una babu au shangazi anayejua kilima chenye pango: muulize pango linaitwaje na nani alijificha humo, uandike kwa lugha yake. Usiingie peke yako, usiingie penye popo, usichukue kitu. Maandishi yako yapeleke makumbusho au idara ya jiolojia ya chuo kikuu, nakala moja umwachie chifu. Fanya hivyo mwaka huu, kwa sababu mvua zikikatika barabara za vilimani hukauka na malori ya chokaa hupanda tena.